Daraja la Kazura la Iya, Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nilipowaonyesha watu picha za daraja hili, maswali hayajakoma, na mengi ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake. Bei na saa za kufungua hubadilika, kwa hiyo zihakiki kabla ya kufunga mizigo.

Liko wapi hasa?

Japani ina visiwa vikuu vinne, na Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Katikati yake, katika mkoa wa Tokushima, kuna bonde liitwalo Iya. Kiserikali daraja liko ndani ya mji wa Miyoshi, lakini neno "mji" lisikudanganye. Utakachokikuta ni milima iliyosimama wima, mto wa rangi ya kijanikibichi chini kabisa, na nyumba zilizogandamana na mteremko kama konokono ukutani. Kitongoji kimoja cha huko, Ochiai, kina tofauti ya kimo ya mita zipatazo 390 kati ya nyumba ya chini na ya juu. Hapo kwenda kuazima chumvi kwa jirani ni safari.

Wajapani wenyewe huihesabu Iya kati ya sehemu tatu za nchi yao zilizojificha kuliko zote. Kujificha huko ndiko kulikozaa daraja, na hata hadithi zake.

Kazura ni nini?

Ni mmea tambazi, ule unaopanda juu ya miti mingine kama kamba. Unaotumika hapa huitwa shirakuchikazura, na ni wa jamaa moja na tunda la kiwi. Huota mwituni milimani, hurefuka sana, na ukishakatwa hukawia kuoza. Mafundi huupasha moto ili ulainike, kisha huupinda na kuusokota wakati bado unatii. Daraja zima hula takriban tani 6 za kamba hizo.

Lina ukubwa gani?

Urefu mita 45, upana mita 2, na kutoka ulipo mpaka majini ni mita 14. Kwenye karatasi si kitu.

Nani alilijenga?

Hapa mjue kwamba mtajibiwa kulingana na mliyemuuliza.

Wapo watakaowaambia ni Kobo Daishi. Huyu ni mtawa wa Kibudha, jina lake la utawani Kukai, aliyeishi kuanzia mwaka 774 hadi 835. Alizaliwa hukohuko Shikoku, na mpaka leo mahujaji huzunguka kisiwa kizima wakipita mahekalu 88 yanayohusishwa naye. Inasemwa alipita Iya, akawaonea huruma wanakijiji waliokuwa hawana njia ya kuvuka mto, akawafundisha kufuma daraja. Shikoku ina desturi ya kumpa Kobo Daishi sifa ya kila kitu chema kisicho na mwenyewe: chemchemi, mti, kisima. Kwa hiyo hadithi hii naipokea kwa heshima na kuiweka pembeni.

Hadithi ya pili ndiyo iliyonipeleka mimi huko. Kati ya 1180 na 1185 koo mbili kubwa za wapiganaji, Heike na Genji, zilipigana kuwania kuitawala Japani. Bendera ya Heike ilikuwa nyekundu na ya Genji nyeupe, na mpaka leo mtoto wa shule Japani akishindana kwenye siku ya michezo huwekwa timu nyekundu au timu nyeupe. Mwanzoni mwa 1185 Heike walishindwa huko Yashima, pwani ya Shikoku. Muda mfupi baadaye, kwenye vita vya baharini vya Dan-no-ura, wakaangamizwa. Mfalme mtoto Antoku, aliyekuwa na miaka sita tu, alizama akiwa mikononi mwa bibi yake.

Hivyo ndivyo vitabu vya historia visemavyo. Watu wa Iya husimulia vingine. Kwao, baadhi ya Heike walitoroka kupitia milimani wakaingia katika bonde hili ambalo jeshi lolote lingepata shida kuingia, na mtoto mfalme alikuwa pamoja nao. Wakafuma madaraja ya kazura kwa sababu moja ya kivita: adui akionekana upande wa pili, panga mbili tatu zinatosha. Kamba zinakatika, daraja linaangukia mtoni, na Genji wanabaki kutazama.

Ni kweli? Maandishi yanayotaja madaraja ya kazura ya Iya ni ya karne ya 17; mengine yanahesabu saba, mengine kumi na matatu. Kutoka 1185 mpaka hapo ni zaidi ya miaka 400 ya kimya, na ndani ya kimya kirefu hivyo hadithi hunenepa. Lakini huko Iya kuna ukoo unaojihesabu kuwa kizazi cha Heike, na katika nyumba yao pametunzwa bendera nyekundu inayosemwa kuwa ni ya wakimbizi wale. Mimi nilipomaliza kuvuka sikuwa tena na hamu ya kubishana na mtu.

Kama lilikusudiwa kukatwa, mbona nasikia ndani yake mna nyaya za chuma?

Mmesikia sawasawa. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaraja ya kazura yalibadilishwa yakawa ya waya, kwani nani angependa kusokota kamba za msituni wakati waya upo? Mwaka 1928 wenyeji wakalirudisha hili moja, kwa nia ya kuvuta wageni, na safari hii nyaya za chuma zikafichwa ndani ya kazura kwa usalama. Kwa hiyo daraja lililosifika kwa kukatika upesi leo halikatiki. Wapo wanaoudhika wakilijua hilo. Mimi nililijua nikiwa katikati ya mto, na nilishukuru.

Basi ninaloliona ni la kale au ni la jana?

Ni yote mawili, na ndipo penye utamu wake. Kila baada ya miaka mitatu kazura huvuliwa zote na daraja hufumwa upya, kipindi cha baridi kali ambapo wageni ni wachache. Hakuna kipande mnachokishika chenye umri unaozidi wa mtoto wa chekechea. Kilicho cha kale ni ile kazi yenyewe: kujua kazura ipi ikatwe, ipashwe moto kiasi gani, ifungwe vipi kwenye mierezi mikubwa iliyo hai iliyosimama pande zote mbili kama nguzo. Serikali ya Japani ililitambua daraja kuwa mali muhimu ya utamaduni mwaka 1955. Anayeijua mikeka au ususi wa makuti hahitaji kuelezwa zaidi, maana paa la makuti nalo halidumu, anayedumu ni fundi na mwanagenzi wake.

Wasiwasi wa siku hizi ni kwamba kazura ndefu na nene zimekuwa adimu porini, na watu wameanza kuzipanda makusudi. Mmea huo hauna haraka, kwa hiyo anayepanda leo anampandia mwingine.

Kuvuka kukoje? Ninaogopa vimo.

Sitawadanganya. Tatizo si mita 14, tatizo ni sakafu. Daraja halikutandikwa mbao zilizoshikana. Vimepangwa vipande vya miti kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine pana mwanya unaotosha mguu kuzama. Chini ya mwanya kuna hewa, na chini ya hewa kuna mto unaopiga kelele kwenye mawe. Macho yanataka kutazama mbele lakini lazima yatazame chini yaone pa kukanyaga, na yakitazama chini yanaona maji yanakimbia, basi kichwa kinaanza kudhani ni daraja linalokimbia.

Halafu linayumba. Ule wimbo wa zamani wa Iya, walioimba wanawake wakisaga unga usiku, unalisema daraja hili kuwa linatikisika hata upepo usipovuma. Bibi zetu nao walipotwanga walisema mengi kuhusu vitu vilivyowaogofya mchana.

Yaliyonisaidia mimi: shika kamba za pembeni mkono mmoja na usiuachie mpaka mwingine umeshika mbele. Kanyaga katikati ya kila kipande, si ukingoni. Mbele yako akiwepo kijana anayeruka ili kumtisha mpenzi wake, msubiri afike ng'ambo. Simu iwe mfukoni mwenye zipu. Picha nzuri haipigiwi juu ya daraja hata hivyo, nitaeleza mwishoni.

Nimeshapita juu ya daraja la msitu wa Nyungwe, Rwanda. Hili litanitisha?

Nyungwe ni refu zaidi, mita 160, na liko juu zaidi, lakini ni la chuma na miguu inakanyaga pasipo mashaka. La Iya ni fupi na la chini, ila kila hatua unaiamua mwenyewe. Rafiki yangu aliyevuka Nyungwe akiimba alivuka hapa kimya.

Mama yangu ana miaka 68. Ataweza?

Kama magoti yake ni mazima na anapanda ngazi bila kushikwa, ataweza, na pengine atakupita. Kwa mwenye fimbo au kiti cha magurudumu haliwezekani kabisa. Asihuzunike lakini: jirani kuna daraja la kawaida la zege ambapo unaliona la kazura lote bila kulipa chochote.

Watoto je?

Mtoto anayetembea vizuri huvuka, akiwa katikati ya watu wazima wawili. Wa mgongoni au wa kubebwa kifuani, mimi nisingethubutu: utakuwa huioni miguu yako.

Nivae nini?

Viatu vya raba vilivyofungwa kamba. Kandambili itaangukia mtoni, na kisigino kirefu kitanasa. Mwenye baibui au dera refu alikunje na kulifunga vizuri kiunoni. Ncha ya nguo ikikanyagwa hapo hakuna pa kuyumbia.

Kiingilio ni kiasi gani, na saa ngapi?

Miaka ya karibuni imekuwa yen 550 kwa mtu mzima na 350 kwa mwanafunzi wa msingi. Beba fedha taslimu. Hufunguliwa asubuhi karibu saa mbili, na kufungwa kati ya saa kumi na moja na kumi na mbili na nusu jioni kulingana na msimu. Usiku huwashwa taa, na kulitazama likiwa hivyo ni bure, ila kuvuka hakuruhusiwi.

Maporomoko ya Biwa yana uhusiano gani na daraja?

Ukishuka ng'ambo, hatua chache tu, utakuta maji yanaporomoka kutoka juu jabalini. Biwa ni chombo cha nyuzi, na ni wa ukoo mmoja na udi, huu wetu wa taarabu. Mababu zao walikutana huko Asia kabla hawajaachana, mmoja akaelekea mashariki na mwingine akafika Unguja. Husimuliwa kwamba wakimbizi wa Heike, waliozoea anasa za ikulu huko Kyoto, walikaa kando ya maporomoko haya wakipiga biwa kujiliwaza. Watu wengi hupapita mbio wakirudi kwenye gari. Kaeni robo saa. Kelele za maji zinafunika kila sauti, na nadhani ndiyo sababu walipachagua: mtu aweza kupiga chombo pale asisikike na adui, na akilia pia.

Nimesikia kuna madaraja mengine mawili, "mume" na "mke".

Yapo, ndani zaidi ya bonde, Oku-Iya, mwendo wa takriban saa nzima kwa gari. Mume ana urefu wa zaidi ya mita 40, mke mita 22, na hutazamana ndani ya msitu. Karibu nayo kuna kitoroli cha mbao kinachoning'inia kwenye kamba. Unaingia, unavuta kamba kwa mikono, unavuka mto kama mzigo. Huko hakuna maduka wala mabasi ya watalii, na kama mkiniuliza yapi nayapenda zaidi nitawajibu hayo mawili. Hufungwa kipindi cha baridi, kuanzia Desemba hadi Machi.

Juu ya madaraja hayo umesimama mlima Tsurugi, mita 1,955. Tsurugi maana yake upanga. Katika Dan-no-ura upanga mtakatifu wa kifalme ulizama pamoja na Antoku, lakini watu wa hapa hudai upanga wa mtoto yule uliletwa na kufukiwa kileleni. Wakimbizi, wasemavyo, walifundishia farasi kwenye nyika za mlima huo, na madaraja mawili yalikuwa njia yao ya kwenda mazoezini.

Njiani mtapita Nagoro, kijiji ambacho vinyago vya nguo vyenye ukubwa wa mtu vimewazidi wakazi kwa mbali: mzee kituoni anangoja basi, mwanamke shambani, watoto darasani katika shule iliyofungwa mwaka 2012. Punguza mwendo. Nilimwamkia mmoja.

Kuna mashetani?

Wajapani huwaita yokai, na bonde hili na majirani zake limejaa. Aliye maarufu kuliko wote ni Konaki-jiji, tumwite Babu Mlia-kitoto. Unapita msituni peke yako jioni, unasikia mtoto mchanga analia. Unamtafuta, unamkuta, unambeba. Hapo unaona uso wake ni wa mzee, na unataka kumtupa lakini hatupiki. Anakuganda, uzito unaongezeka, unaongezeka, mpaka anakulaza chini. Nyumbani tuliambiwa tusiitike sauti ya usiku mpaka ituite mara ya tatu. Wazazi wa Iya nao walikuwa na namna yao ya kuwarudisha watoto kabla ya magharibi. Huko Yamashiro, upande wa pili wa milima, amesimamishiwa sanamu ya jiwe, na karibu na stesheni ya Oboke kuna nyumba ya maonyesho ya yokai ambayo watoto wataifurahia kuliko daraja.

Niende msimu gani?

Mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, majani yanapogeuka mekundu na manjano. Ndipo pazuri, na ndipo penye foleni. Juni na Julai ni mvua, na kuanzia Agosti hadi Oktoba vimbunga vinaweza kufunga barabara. Epuka wiki ya sikukuu inayoanza mwishoni mwa Aprili, na katikati ya Agosti. Theluji juu ya daraja ni picha ya kukumbukwa, ila Januari na Februari hakikisha kwanza kwamba halimo kwenye mwaka wa kufumwa.

Nafikaje kutoka Afrika Mashariki?

Wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wanahitaji viza. Balozi za Japani ziko Nairobi na Dar es Salaam, nyingine Kampala, Kigali na Kinshasa. Wengi huruka kupitia Doha au Dubai mpaka Osaka. Kutoka Shin-Osaka panda treni ya kasi mpaka Okayama, chini ya saa moja. Hapo badilisha, panda treni iitwayo Nanpu. Itavuka bahari juu ya madaraja makubwa ya Seto, yaliyofunguliwa 1988, kisha itaingia milimani na kukushusha Oboke baada ya karibu saa mbili. Kaa dirishani. Kutoka Oboke basi hufika darajani kwa dakika ishirini hivi, lakini mabasi ni machache, kwa hiyo ukikosa moja utasubiri sana.

Nikodi gari?

Japani huendesha kushoto kama sisi, usukani kulia, na gari lenyewe huenda ni ndugu wa lile ulilonalo nyumbani. Shida ni kibali cha kimataifa: Japani hupokea kile cha mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani, na si kila nchi yetu imo. Uliza kabla ya kuondoka. Barabara ni nyembamba, za kona, na kioo cha barabarani kwenye kila kona kimewekwa kwa sababu.

Huko wanakula nini? Na Muislamu atakula nini?

Soba ya Iya ni tambi nene, fupi, zinazokatikakatika kwani haziwekwi kitu cha kuzishikanisha. Wauzaji kando ya barabara huchoma mishikaki iitwayo dekomawashi: kiazi kidogo, tofu ngumu (jibini ya soya) na konnyaku (jeli ngumu ya kiazi), vimepakwa miso, yaani rojo ya soya iliyochachushwa, vikizungushwa mbele ya moto kama vikaragosi, jina lenyewe latokana na hao vikaragosi. Samaki wa mtoni huchomwa mzima kwa chumvi.

Nyama haimo, lakini si halali moja kwa moja. Mchuzi wa soba na hata miso huweza kutiwa mirin au sake, vyote vya kileo. Aliye salama ni samaki wa chumvi, na wali. Beba tende na njugu. Kibla ni upande wa magharibi ikiegemea kaskazini kidogo, na kwa kuwa kila upande ni mlima, tumia dira.

Inatosha kwenda na kurudi siku moja?

Inatosha kwa picha. Lakini mabasi ya utalii huondoka alasiri, na bonde hubaki na sauti ya mto tu. Lala usiku mmoja. Kuna bafu za maji moto ya asili kandokando ya korongo, mojawapo ukiteremka kwa kitoroli cha kamba mpaka mtoni. Kabla ya kuingia huvuliwa nguo zote, mwajua.

Naweza kurudi kwa daraja hilohilo?

Hapana, ni upande mmoja tu. Mnashuka ng'ambo, mnapita maporomoko, mnapanda njiani na kurudi kwa lile daraja la zege nililolitaja. Ndipo penye picha. Ukisimama hapo utaliona la kazura lote limening'inia kati ya mierezi kama utando wa buibui, na katikati yake, kila mara, pana mtu mmoja amesimama ameshika kamba kwa mikono miwili, wenzake wameshavuka, wanamwita.